Dume la Umeme

Kornelio Mniko aliuza dume la mahari ya mwanawe siku ya mnada, akapanda basi kwenda Kisumu kununua mashine ya umeme ya kung'arishia magari, na nyumbani kwake hakukuwa na mtu aliyeikubali safari hiyo isipokuwa yeye mwenyewe. Hata yeye, ungembana vizuri, ungekuta amekubali nusu tu. Nusu ya pili ilikubaliwa na bega lake la kulia.

Bega hilo lilikuwa limefanya kazi kuliko mwenyewe. Tangu atoke jeshini baada ya vita, Kornelio alikuwa akiyasugua magari ya Tarime kwa mkono: ya maofisa wa bomani, ya mapadri, ya wenye maduka, na lile moja la Mwafrika, gari la buluu la Simioni wa Itiryo, mfanyabiashara wa ng'ombe. Kazi yenyewe ni dawa ya kopo, kitambaa cha flana, na kuzungusha mkono mpaka uone meno yako kwenye mlango. Sasa mkono ukizungushwa asubuhi, jioni haukubali kupeleka tonge mdomoni. Ghati, mkewe, alikuwa akimkanda kwa maji ya moto huku akimcheka kidogo, maana mume aliyerudi kutoka Burma na nishani alikuwa akiugulia kwa sababu ya kitambaa.

Lakini habari ya dume hakuicheka.

"Dume lile lina mwenyewe," alimwambia kabla ya mnada.

"Mwenyewe ni mimi. Liko zizini kwangu."

"Zizi ni lako, baba Nyangi. Dume ni la Mseti. Na kabla ya kuwa la Mseti lilikuwa la Nyangi."

Alisema kweli, na Kornelio alijua. Nyangi, binti yao wa kwanza, alipoolewa, ng'ombe wa mahari yake walitengwa ili mdogo wake Mseti naye aje kuoa. Ndivyo ilivyo kwa Wakurya: dada akitoka, ndugu yake anaoa kwa ng'ombe wake. Na sasa Mseti alikuwa amempata Mokami, binti wa huyo huyo Simioni mwenye gari la buluu. Ng'ombe wangepelekwa Itiryo ulezi ukishavunwa, wote kwa pamoja, dume likiwemo. Wakipungua, Mokami alikuwa na wachumba wengine wanaosubiri.

"Ulezi ndio kwanza unapaliliwa," Kornelio alisema. "Mashine ikianza kazi, dume litarudi kabla ya mavuno, pengine na mtamba nyuma yake."

"Na isipoanza?"

"Mashine haina bega, Ghati. Itaugua nini?"

* * *

Mtu hanunui dume peke yake, hata likiwa la umeme, kwa hiyo Kornelio alimchukua Rubeni, mtu wa rika lake, waliyetahiriwa naye msimu mmoja, ambaye ndiye pia aliyekuwa mshenga wa Mseti. Kuhusu magari, Rubeni alijua kuyapanda na kuyashuka tu. Lakini kwa kuchagua dume alikuwa na sifa wilaya nzima, na Kornelio aliona kwamba jicho ni jicho.

Mwenye duka kule Kisumu, Mhindi mpole mwenye miwani, aliwawekea mashine mbili mezani. Zote zilikuwa na sahani mbele, na sahani imevikwa ngozi ya kondoo yenye manyoya. Moja ilikuwa ndogo, ya mviringo, na sahani yake ilizunguka taratibu huku ikiyumbayumba. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, yenye shingo ndefu, na iliposhtuliwa kwa umeme mara moja tu vikombe vya chai viligongana kabatini.

"Hii kubwa nakwenda mbio sana," mwenye duka alieleza. "Napata moto. Wewe kama nasimama nayo pahali moja, nakula rangi yote, nafika bati. Kwa pembe, kwa mgongo ya boneti, iko hatari. Hii ndogo hata wewe nakosea, yeye nasamehe. Chukua ndogo, mzee. Hii ni ya mtu naanza."

Rubeni alikohoa.

"Amesema nani anaanza?" aliuliza kwa Kikurya.

"Sisi."

"Sisi wawili?"

"Mimi. Wewe umenisindikiza."

Kwao, anayeanza ni mrisia, kijana ambaye hajatahiriwa, anayetumwa kufukuza mbuzi shambani na kuondolewa wanaume wanapokula. Kornelio alikuwa amesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, akasimama mbele ya Wajapani, ingawa huko alipepesa, na sasa alikuwa na mjukuu. Alihisi masikio yakipata moto.

Rubeni alikwenda mezani akaanza kazi yake. Aliishika ile kubwa shingo akaitikisa. Akaiinamia akaitazama chini ya tumbo. Akaipapasa mgongo kwa kiganja, kisha akaibeba mpaka mishipa ya koo ikamtoka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ile ndogo aliinyanyua kwa vidole akairudisha upesi, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake aliyejikojolea.

"Mura, ndugu yangu, hii ni mbuzi," alisema. "Tumeuza dume. Hatuwezi kurudi na mbuzi."

Kornelio alikuwa amesikia kila neno la mwenye duka, akalielewa, akalikubali moyoni, kisha akanyoosha kidole kwenye ile kubwa. Safari nzima ya kurudi aliipakata mapajani, na kila basi liliporuka shimo ilimponda, naye akafurahia uzito wake.

* * *

Umeme wa kuaminika mjini Tarime ulikuwa kwenye mashine ya kusaga, ambako injini ilizungusha pia dainamo ya taa. Mwenye mashine alikubali Kornelio afanyie kazi pale uani. Gari la kwanza lingekuwa la Simioni, bure, kwa heshima ya ukwe, na Kornelio alichagua siku ya gulio ili watu waone. Watu waliona. Wanawake waliokuja na vikapu vya ulezi na mahindi walipanga mstari, wakasahau kusaga.

Simioni alilileta gari mwenyewe, amevaa kofia ya pama, akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa. Wakwe hawakai bega kwa bega, hawapandishiani sauti, hawatukanani hata mmoja amkanyage mwenzake kidole. Alikuwa akilipenda lile gari kuliko alivyojua kusema.

Kornelio alipaka dawa kwenye boneti, akakunja mikono ya shati, akabonyeza.

Mashine ilimvuta kulia kabla hajaweka miguu sawa. Akairudisha, ikamvuta kushoto. Waya ukamzunguka kifundo cha mguu, naye akazunguka pamoja nao, na dawa ikaruka ikampiga mwanamke mmoja shavuni. Hapo Kornelio alifanya kile ambacho mwanamume yeyote wa kwao hufanya dume likileta ukorofi: alijitupa juu yake kwa uzito wake wote ili litulie. Na likatulia. Likatulia juu ya mgongo wa boneti, mahali pale pale alipokatazwa, likanguruma pale huku Kornelio akitabasamu kwa watu kuwaonyesha kwamba ameliweza. Tabasamu lilimtoka harufu ilipompata.

Mtu alipokimbia kuzima injini, kwenye boneti palikuwa na doa lenye ukubwa wa ungo. Pembeni lilikuwa la kijivu, na katikati lilikuwa bati tupu.

Simioni alisogea polepole. Midomo ilikuwa ikimcheza.

"Mkwe," alisema.

"Naam, mkwe."

"Mvua huko kwenu imenyesha?"

"Imenyesha kiasi, mkwe."

"Mtama haujambo?"

"Haujambo. Na ulezi nao haujambo."

Simioni alilitazama boneti, akameza mate, akayarudisha macho kwa shida. "Ng'ombe wanashiba?"

"Wanashiba, mkwe. Majani yapo."

"Na lile dume?"

Simioni alikuwa mtu wa minadani, na habari ya dume ilikuwa imemfikia kabla basi la Kisumu halijaondoka. Kornelio alijua kwamba anajua. Wanawake wote mstarini walijua.

"Haliko mbali, mkwe," alijibu, na kwa hilo hakusema uongo, kwa kuwa alikuwa amelishika mikononi, linatoa moshi.

"Vizuri," alisema Simioni. Akaingia garini akaondoka mwendo wa pole, na doa likaenda mbele yake likimeremeta kwenye jua. Kornelio angetukanwa siku ile angepona. Alibaki na heshima yote aliyopewa, hana pa kuiweka.

* * *

Baada ya wiki Rubeni aliitwa Itiryo kama mshenga. Alirudi akakaa kwenye kigoda bila kusubiri kukaribishwa, hakuuliza kama kuna chakula, na hapo Ghati akajua habari si nzuri.

"Amesema ng'ombe waende ulezi ukivunwa, kama tulivyopatana," Rubeni alisema. "Wote. Kuna watu wa Nyakunguru wameshapiga hodi kwa ajili ya Mokami, na wamekuja na dume lao kulionyesha."

"Na gari?" Kornelio aliuliza.

"Gari hakulitaja. Mkewe amelifunika blanketi, kama mgonjwa."

Mseti alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikuwa kijana mrefu asiye na maneno mengi. Alitoka akaenda kutengeneza ua wa zizi, pale dume lilipokuwa limezoea kusukuma kwa pembe, akafunga fito moja baada ya nyingine ingawa sasa hapakuwa na wa kuzisukuma. Kornelio alimtazama kwa mbali. Alitamani mwanawe amgombeze.

Aliyemwambia ukweli ni Nyangi. Alikuja na mtoto mgongoni, akamkuta baba yake anaitazama mashine kama mtu anayeangalia mgeni asiyetaka kuondoka.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu. Kwako hawajambo?"

"Hawajambo." Alikaa, akamshusha mtoto. "Nimepita zizini."

"Ndiyo."

"Unakumbuka siku niliyokuambia yule mwanamume simtaki?"

"Nakumbuka."

"Ukaniuliza, basi Mseti ataoa kwa ng'ombe gani. Nikaenda kuolewa." Alikuwa akimfuta mtoto pua, hakumtazama baba yake. "Sijaja kugomba. Mume wangu si mtu mbaya, nimemzoea. Lakini kila nikija hapa nilikuwa nalitazama dume lile nasema, yule pale ni mimi, nimesimama namsubiri Mseti aoe. Leo nimepita, sijajiona."

Kornelio aliona aibu. Ile ya kwenye mashine ya kusaga ilikuwa ya usoni, unaweza kuiosha kwa maji au kwa pombe. Hii haikuoshika. Akasema tu, "Nimesikia, mwanangu," na asubuhi yake akaibeba mashine kwenda kupanda basi, bila Rubeni.

* * *

Mwenye duka aliigeuza mashine, akayatazama yale manyoya yaliyokuwa meupe na sasa yalikuwa ya buluu, akavua miwani.

"Pesa hapana rudi," alisema. "Hii nakwisha kula gari ya mtu."

Angeweza kuibadilisha kwa ile ndogo, alisema, kwa kuwa mzee alikuwa na uso wa kuhurumiwa. Na kwa kuwa ndogo ilikuwa ya bei nafuu, angeongeza kopo la rangi ya buluu na karatasi za msasa. Nyuma ya Kornelio palikuwa na wateja, mmoja dereva wa lori mwenye kofia ya ngozi, wote wanasikiliza kwa sababu hawakuwa na la kufanya.

"Ndogo ni ya nani?" mwenye duka aliuliza huku akiifunga. "Iko kijana yako nafundisha kazi?"

"Hapana. Ni ya mtu anayeanza."

"Nani naanza?"

"Mimi, bwana," alisema Kornelio. "Mimi ndiye ninayeanza."

Dereva alicheka. Kornelio alishangaa kuona kwamba baada ya kulisema neno lile bado alikuwa amesimama, na suruali bado ilikuwa kiunoni.

Alianza kweli. Nyuma ya mashine ya kusaga palikuwa na mlango mbovu wa lori, na kwa siku nyingi Kornelio aliusugua mlango huo kama mali ya gavana. Alijifunza kuishika mashine kwa mkono mwepesi, kuitembeza bila kuisimamisha, kuinyanyua kidogo inapofika pembeni. Bega halikulalamika. Wanawake wa kusaga waliulizana mlango umeamkaje leo, na yeye aliwajibu kwamba umeamka salama, unawasalimu, unauliza kama wameleta sabuni. Alipoanza kujicheka mwenyewe, wao walipunguza.

Kisha Rubeni akaenda kumwombea kwa Simioni, na gari likaletwa. Simioni alisimama ameligeuzia gari mgongo muda wote, mikono nyuma, anayaangalia mawingu. Kornelio alipiga msasa, akapaka rangi, akaiacha ikauke siku kadhaa chini ya turubai, akapiga msasa tena na kupaka tena. Mwisho akaipitisha ile mashine ndogo, polepole, huku na huku. Buluu haikulingana sawasawa, boneti lilikuwa limekolea kuliko milango. Lakini liling'aa.

Simioni aligeuka. Akainama, akaiona kofia yake kwenye boneti, akaiweka sawa, akainama tena kuhakikisha.

"Mkwe," alisema, "ulezi umeiva."

* * *

Ulikuwa umeiva, na dume halikuwa limerudi. Ndogo ilikuwa ikifanya kazi, ila ilifanya kwa mwendo wa ndogo, na magari ya Tarime yalikuwa ya kuhesabu. Usiku wa kuamkia safari ya Itiryo, Ghati alimkuta mumewe anaifuta mashine kwa kanga yake mpya.

"Unataka kuipeleka," alisema.

"Sina kingine."

"Na kazi utafanya na nini?"

"Na bega."

"Bega linauma, baba Nyangi."

"Limezoea."

Ghati hakumnyang'anya kanga.

Itiryo walikuta zizi limefagiliwa na wazee wamekaa. Langoni alisimama Hezekia, kaka mkubwa wa Simioni, mzee mkavu mwenye fimbo, ambaye ndiye aliyepaswa kuwapokea ng'ombe kwa niaba ya ukoo. Ng'ombe waliingia mmoja mmoja, Mseti akiwapiga mluzi taratibu. Wote walipokwisha kuingia, lango lilibaki wazi, na nyuma yao akaja Kornelio, amevaa koti lake la jeshi, ameibeba mashine kifuani. Waya alikuwa ameufunga vizuri kama kamba.

"Na hili ndilo dume," alisema Rubeni, kwa sauti ya mtu anayetamani asingekuwa mshenga.

"Mimi naona chuma," alisema Hezekia.

Simioni alikohoa. Gari lake lilikuwa limeegeshwa mahali ambapo kila mgeni lazima alipite, na tangu asubuhi alikuwa amelizunguka mara nyingi kuliko alivyowasalimu watu. "Chuma hicho nakijua, kaka," alisema polepole. "Ni chuma cha maana."

"Sijakataa. Lakini mama zetu hawakuolewa kwa sufuria. Mahari ni kitu chenye uhai. Kinao?"

"Kinao," Kornelio alijibu. "Kinatembea. Kinalia. Kinakula umeme."

"Basi kilie, tusikie."

Umeme ulikuwa Tarime. Kornelio alijaribu kueleza habari ya dainamo, jinsi injini inavyozunguka, jinsi moto unavyopita ndani ya waya, na kadiri alivyoeleza ndivyo wazee walivyozidi kuutazama ule waya uliofungwa, usiofika popote.

"Kumbe kimekufa," alisema Hezekia bila ubaya wowote, akashika gogo la kwanza la kufungia lango.

Kornelio alimtazama Mseti. Kijana alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe, ameinamisha uso, vidole vinachezea fimbo. Akatazama ng'ambo ya ua, kwa wanawake, akamwona Nyangi amejifunika mdomo kwa kiganja. Hakuwaza nishani wala rika. Aliipandisha mashine kifuani, akafumba macho, akafungua kinywa.

"Nguuu."

Ilitoka nyembamba, kama ya mbu. Mtu akakohoa. Kornelio akavuta pumzi mpaka chini ya mkanda, akaanza upya, na safari hii akaitoa kama inavyotoka kwenye mlango wa lori: ya kuwashwa, ya kukolea, ya kupanda inaponyanyuliwa, ya kushuka inapoegemezwa. Mikono ikatetemeka kama inavyotetemeka, shavu likacheza, mguu mmoja ukasogea huku na mwingine kule. Wanawake walianza kucheka, wakafuata vijana, na Rubeni ikambidi ashike ua. Simioni, ambaye haruhusiwi kumcheka mkwe wake, aligeuka akawapa mgongo, na watu wote wakaona mabega yake yakicheza. Hezekia peke yake alisikiliza mpaka mwisho, kichwa upande, kama anayesikiliza kesi.

"Lina afya," alisema, akaliweka gogo chini. "Lipite."

Kornelio akapita lango akinguruma, akaingia katikati ya ng'ombe, nao wakampisha. Akamfikia Mseti, na Mseti alikuwa ameinua uso. Ng'ambo ya ua Nyangi alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, na baba yake akaendelea kunguruma, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anyamaze, na yeye hakutaka kuwapa wazee nafasi ya kuhesabu upya.